Kikokotoo cha Rubani: Kabla Hujalipa, Iangalie Ribiti

Swali lenyewe halikuwa gumu. Unaondoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda Malindi, maili za baharini 228, njia ya digrii 120. Uko futi 9,500, joto la nje ni digrii 10, mwendo wa kwenye saa ya mwendo, ukishasahihishwa, ni noti 100 (maili za baharini 100 kwa saa), na upepo wa kusi unavuma kutoka digrii 150 kwa noti 20. Utatumia muda gani? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: saa 2 na dakika 8, dakika 12, dakika 16 au dakika 20. Nilizungusha kikokotoo changu kipya, kile chenye sahani ya namba inayozungushwa kwa mkono ndani ya duara jingine la namba, nikapata dakika 20. Nikarudia tangu mwanzo, nikapata zile zile. Nikatia alama bila wasiwasi wowote, nikakosa.

Bahati yangu ni kwamba ulikuwa mtihani wa majaribio pale shuleni. Baada ya chai Kapteni aliyekuwa akitufundisha urambazaji aliniita. "Lete hicho kikokotoo chako." Hakuniuliza nimepigaje hesabu. Aliisogeza sahani ya ndani mpaka 10 yake ikakaa sawasawa na 10 ya nje, mistari miwili ikawa mmoja, kisha akanirudishia mkononi.

"Sasa nenda upande wa pili, binti. Hapo kwenye 30. Unaona nini?"

Niliona 30 ya ndani imekaa kwenye 30 na nusu ya nje.

"10 ikikaa juu ya 10, kila namba lazima ikutane na mwenzake, duara zima," akasema. "Hesabu umepiga sawa. Sahani yako ndiyo iliyopigwa ribiti vibaya."

Kifaa kile kilinigharimu shilingi 11,500 za Kenya, ndani ya begi la vifaa ambalo kila mwanafunzi mpya alilazimika kulinunua. Hakikuwa na jina la kiwandani. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu mwezi huu pekee nimepokea maswali matatu ya aina moja, la mwisho kutoka kwa kijana wa Dodoma anayeanza masomo: "Dada, ninunue cha kuzungusha au cha betri?" Ninalo jibu, na nina chapa ninayoipenda wala sifichi. Ila kabla ya chapa yoyote, naomba mnivumilie kuhusu ribiti, maana sijaona muuzaji wala mwongozo unaoitaja.

Sitazungumzia rangi, wala mkoba wa ngozi, wala orodha ya kazi themanini ambazo kifaa kinaweza kufanya. Hayo yameandikwa kwenye boksi.

Ribiti

Kikokotoo cha kuzungusha ni rula ya hesabu iliyokunjwa ikawa duara. Skeli ya nje imetulia, ya ndani inazunguka, na kila jibu unalolipata linategemea jambo moja: kwamba duara hizi mbili zina kitovu kimoja. Kinachozishika ni ile ribiti ya katikati. Ikitobolewa nusu milimita tu pembeni ya kitovu, unapolinganisha namba upande mmoja, upande wa pili unapotoka kwa milimita nzima. Kwenye kifaa cha ukubwa wa kawaida, mistari ya karibu na 30 iko mbali kwa kama milimita mbili. Kwa hiyo nusu milimita ya uzembe wa fundi wa kiwandani inakuwa nusu mstari kwenye jicho lako. Changu kilikuwa kibaya zaidi, mstari mzima.

Mstari mzima pale kwenye 30 ni kosa la kama asilimia 1.7. Ukilisikia hivyo unaweza kusema si kitu. Tatizo ni kwamba rubani hapigi hesabu moja akaacha. Anatafuta mwendo halisi hewani, anaupeleka kwenye upepo apate mwendo wa ardhini, anaupeleka huo kwenye umbali apate muda, na muda anaupeleka kwenye mafuta. Kila mara anasoma sahani ile ile. Katika swali la Malindi mwendo halisi ni noti 118. Mimi nilisoma 116. Mwendo wa ardhini ulipaswa kuwa 100, wangu ukawa 98. Muda ulipaswa kuwa saa 2 na dakika 16, nami kwa mwendo huo nikafika saa 2 na dakika 20. Kwa ndege inayokunywa galoni 8.5 kwa saa, galoni 19.3 zikawa karibu 20.

Siku ile kosa liliniambia nibebe mafuta zaidi, na hilo angalau halikuniweka hatarini. Lakini kitovu kilichohama hakikosei upande mmoja tu. Ukiwa sehemu nyingine ya duara kosa lile lile linageuka, na kifaa kinakuambia utafika mapema kuliko utakavyofika, kwa mafuta machache kuliko utakayotumia. Huwezi kulizoea ukalirekebisha kichwani.

Sisi wa nyanda za juu linatuumiza zaidi. Anayejifunzia Dar es Salaam, uwanja uko chini ya futi 200 kutoka usawa wa bahari, na akiruka chini chini tofauti kati ya mwendo anaousoma kwenye saa ya mwendo na mwendo halisi ni ndogo. Wilson iko futi 5,536. Mchana wa joto la digrii 26, hewa ya pale ni nyembamba kana kwamba uko zaidi ya futi 8,000. Kila safari unasahihisha mwendo kwa kiasi kikubwa, na kila usahihisho unapita kwenye ribiti.

Namna ya kuipima mbele ya muuzaji ni hii. Weka 10 juu ya 10 ukitazama wima kabisa, si kwa pembeni. Zungusha macho polepole: 12, 15, 20, 25. Simama kwenye 30, kwa sababu upande unaotazamana kabisa na 10 ni pale baada tu ya 30, na ndipo kosa linapokuwa kubwa. Endelea 40, 60, 80 mpaka urudi. Kisha sogeza 10 ya ndani iende chini ya 20 ya nje, uangalie kama 20 iko chini ya 40, 30 chini ya 60 na 40 chini ya 80. Baada ya hapo shika fremu kwa mkono mmoja na uisukume sahani kwa kidole gumba, kushoto kulia, bila kuizungusha. Isicheze hata kidogo. Ikicheza leo ikiwa mpya, baada ya miezi sita kwenye begi itakuwa inaelea.

Halafu geuza upande wa upepo. Huko kuna nukta katikati ya sahani inayopenya mwanga, na chini yake kibao cha kuteleza chenye mstari wa kati. Telezesha kibao juu na chini: nukta isiuache mstari. Zungusha sahani mzunguko mzima: nukta isiyumbe. Ukiwa na penseli, weka alama noti 20 juu ya nukta, kisha izungushe digrii 90. Alama lazima iwe noti 20 kushoto au kulia. Hapo hapo utajua kama uso wa sahani unashika penseli. Uso unaong'aa kama kioo haushiki, na mwanafunzi huishia kutumia kalamu ya wino isiyofutika, na baada ya wiki sahani nzima ni madoa.

Dakika tatu zinatosha kwa yote hayo. Nimefanya hivi dukani mara nyingi nikiwasaidia wanafunzi, na kila mara muuzaji hunitazama kama mtu anayemtafutia kosa mtoto wake.

Cha kuzungusha au cha betri

Cha betri hakina ribiti, nami nakubali kwamba kwa usahihi wa hesabu tupu kinakishinda chochote kinachozungushwa kwa mkono. Ukikipa namba sahihi, kinakupa jibu sahihi. Mbona basi sikiweki nafasi ya kwanza?

Turudi Malindi. Badala ya upepo wa digrii 150, kidole kikateleza ukaandika 105. Hilo ni kosa la kawaida kabisa, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Kifaa hakitalalamika. Kitakupa mwendo wa ardhini kama noti 99, karibu sawa na jibu la kweli, kwa hiyo muda na mafuta vitaonekana vizuri tu. Lakini uelekeo wa pua ya ndege utakaopewa ni kama digrii 117 badala ya 125. Ukiushika uelekeo huo maili 228 bila kuangalia chini, unafika ufukweni karibu maili 35 kaskazini ya Malindi, huko kwenye Ghuba ya Ungwana, ukiutafuta uwanja ambao haupo.

Kwenye kifaa cha kuzungusha kosa hilo unaliona kwa macho. Ile alama ya penseli inaangukia upande wa pili wa mstari wa kati. Wewe unajua kusi inakuja kutoka kulia ukielekea pwani, na picha iliyo mbele yako inasema kushoto, kwa hiyo mkono unasita. Watu wa majahazi walijua kusi na kaskazi kwa mwili kabla ya kujua namba, na mwanafunzi wa urubani naye anahitaji kuujua upepo kwa namna hiyo, kama kitu chenye upande na uzito. Kuchora pembetatu ya upepo, yaani ndege, upepo na njia inayotokea, kila siku ndiko kunakomfundisha. Kubonyeza vitufe kunampa jibu, ila upepo wenyewe anabaki haujui.

Philip Dalton, Mmarekani wa jeshi la akiba la wanamaji aliyebuni kifaa hiki miaka ya 1930, alikuwa akiwatengenezea watu waliofanya kazi wakiwa wameketi kwenye kiti kinachotikisika, mkono mmoja una shughuli nyingine. Alifariki mwaka 1941 katika ajali ya ndege akiwa na mwanafunzi wake. Umbo alilolibuni linauzwa hadi leo likiwa karibu vile vile, na kwangu mimi hilo ni ushahidi kuliko tangazo lolote.

Kuna na suala la mitihani, ambalo linawagharimu watu pesa kila mwaka. Marekani inaruhusu kikokotoo cha elektroniki cha ndege ndani ya chumba cha mtihani, mradi kumbukumbu yake imefutwa. Ulaya na Uingereza haziruhusu. Huko unaingia na cha kuzungusha pamoja na kikokotoo cha kawaida cha sayansi kisichopokea programu. Kijana akinunua cha betri kwa sababu amekiona kwenye video ya Mmarekani, halafu akaamua kufuata leseni ya Ulaya, amenunua mara mbili. Uliza chuo chako na mamlaka itakayokutahini kabla hujatoa pesa, na uombe wakuonyeshe kanuni iliyoandikwa.

Jambo la mwisho katika mjadala huu ni vipimo, na hapa kila upande una mtego wake. Gari la mafuta linakupimia lita. Kitabu cha ndege nyingi tunazojifunzia kimeandikwa galoni za Marekani. Uzito unatakiwa kwa pauni au kilo. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 kwa sababu watu walizidisha lita kwa namba ya pauni walipotakiwa kutumia ya kilo. Waliokolewa na ustadi wa marubani walioitelezesha hadi uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli. Kwenye vikokotoo vya kuzungusha, alama ya galoni ya Marekani na alama ya galoni ya Uingereza zimekaa jirani kwenye skeli moja. Galoni 19.3 za Marekani ni lita 73. Ukisoma alama ya jirani unapata karibu lita 88. Lita hizo 15 za ziada ni kama kilo 10 ambazo hukuzihesabu, na mchana wa Wilson ukiwa na watu wanne ndani, kilo 10 zina maana. Kwa hiyo nunua kifaa ambacho alama hizo mbili zimeandikwa kwa herufi unazoweza kuzisoma, au chora mwenyewe mstari mwekundu kwenye ile unayoitumia.

Mpangilio wangu

Ya kwanza ni CRP-5 ya Pooleys, ya Uingereza. Naipenda na nitaitetea popote. Ninayo ya mwaka wa tisa sasa. Nimeingia nayo kwenye kila mtihani, imeanguka kwenye sakafu ya saruji si mara moja, na jana kabla ya kuandika haya niliweka 10 juu ya 10 nikaenda kuangalia 30: mistari imekutana. Uso wake wa upepo unashika penseli ya 2B na unafutika kwa kidole chenye unyevu. Ina sehemu ya kusahihisha mgandamizo wa hewa kwa mwendo unaozidi noti 300, ambayo hutaihitaji ukiwa kwenye Cessna 172, ila utaihitaji siku ukianza masomo ya leseni ya juu ya marubani wa mashirika. Ndiyo maana nawaambia wanaolenga kazi hiyo wainunue tangu mwanzo. Ndogo yake, CRP-1, haina sehemu hiyo na bei yake ni nafuu. Anayetaka leseni binafsi tu, aruke na rafiki zake mwisho wa wiki hadi Nanyuki na kurudi, CRP-1 inamtosha kabisa, na ningeiweka pamoja na dada yake kwenye nafasi hii hii.

Kasoro ya CRP-5 ni kwamba ni ya plastiki, na plastiki na jua letu hazipatani. Usiiache juu ya dashibodi ya ndege iliyoegeshwa, hata kama unakwenda kujisajili ofisini kwa dakika kumi tu. Nimeona sahani iliyojikunja kama chapati baada ya mchana mmoja wa Lamu. Ikishajikunja hairudi.

Ya pili ni E6-B ya alumini ya ASA, ya Marekani. Kama unarukia pwani, au wewe ni mtu wa kusahau vitu kwenye jua, hii yaweza kuwa ya kwanza kwako. Chuma hakijikunji. Marubani wakubwa kwangu, wale waliopitia chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, wengi wanavyo vya chuma vilivyochakaa pembe zote huku namba zikisomeka. Ila sahani ya upande wa upepo bado ni plastiki hata kwenye kifaa cha chuma, kwa hiyo kipimo cha nukta na penseli kiko pale pale. Na jua likiipiga inashika moto, utaisikia kwenye paja. Haina ile skeli ya mgandamizo wa hewa kama CRP-5, na hicho ndicho kilichoiangusha hadi nafasi ya pili.

Ya tatu ni CX-3, ya ASA pia, na katika za betri hakuna nyingine ninayoipendekeza kwa moyo wote. Kioo chake kina mwanga na rangi, kinasomeka usiku. Kinakuuliza unachokitaka hatua kwa hatua badala ya kukuachia vitufe vya mafumbo. Kinapiga uzito na urari wa ndege, jambo ambalo cha kuzungusha kinalifanya kwa taabu. Kwa mwalimu anayesahihisha mipango ya safari kumi kwa siku, au rubani aliyeshafaulu mitihani yake, nakubali kabisa kwamba kinaokoa muda. Kinatumia betri nne nyembamba za rimoti. Tafadhali nunua za alkalini, uzitoe kama hutakitumia kwa mwezi. Zile za bei ya chini za kwenye vibanda huvuja, na ukungu wa kijani ukishakula vyuma vya ndani, kifaa cha pesa nyingi kimekufa bila kuanguka hata mara moja.

Ya nne ni CR-3 ya Jeppesen. Hii ni ya watu wenye subira. Haina kibao cha kuteleza, ni duara tupu, na upepo unautatua kwa kuugawa vipande badala ya kuchora pembetatu. Wanaoijua hawataki nyingine. Lakini vitabu vingi na walimu wengi hapa wanafundisha kwa kibao, na utakuwa peke yako darasani. Kwa kuwa kila kitu kiko kwenye duara, kipimo cha ribiti ni lazima mara mbili, pande zote.

Vya karatasi ngumu ni vya kujifunzia nyumbani. Unyevu wa Mombasa unavivimbisha.

Programu za simu ziko nyingi na nyingine ni za bure. Mtihani hauzitaki.

Wauzaji

Hapa ndipo moyo wangu unapouma, na nitasema.

Kwanza, begi la lazima. Shule ikikuandikia ada halafu ikakuongezea begi la vifaa ambalo huwezi kulikataa, na ndani yake kikokotoo kisicho na jina, imekuuzia kifaa ambacho maisha yako yatakitegemea bila kukupa nafasi ya kukipima. Mzazi aliyeuza kiwanja kumpeleka binti yake kusomea urubani hajui ribiti ni nini. Anaamini shule inajua. Sasa nafundisha madarasa ya chini, na kila muhula nawakuta wawili watatu wenye kifaa kama kile changu, wanaojiona hawana akili ya hesabu. Mmoja alikuwa ameshaanza kufikiria kuacha. Nilipompa CRP-5 yangu akapiga maswali yale yale, alipata manane kati ya kumi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Pili, bei. CRP-5 yangu aliniletea binamu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Wiki hiyo hiyo nilipita dukani kuulizia, nikatajiwa karibu mara mbili ya alicholipa yeye. Naelewa kuna ushuru, kuna usafiri, kuna kodi ya pango. Sielewi inakuwaje bei ya juu kiasi hicho isije hata na ruhusa ya kufungua nailoni.

Maana hilo ndilo la tatu, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. "Madam, tukifungua hatuwezi kuiuza tena." Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Viatu tunajaribu. Simu tunaiwasha. Nazi tunaitikisa sikioni. Kifaa cha kukuambia kama mafuta yatakufikisha nchi kavu, hicho unakinunua kimefungwa, na ukirudi kesho na kasoro unaambiwa umekiharibu wewe. Muuzaji mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba hivi ni vya plastiki tu, vyote ni sawa. Nilimwomba vitatu vya aina moja, visivyo na jina, nikavipima mbele yake. Kimoja kilikuwa sawa. Viwili havikuwa. Alivichukua vyote vitatu akavirudisha kwenye rafu moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwisho wa manunuzi ni huu: kama duka halikubali kufungua, usinunue hapo hata kama ni duka pekee mjini. Afadhali cha mtumba kutoka kwa rubani unayeweza kukutana naye Wilson, ukae naye mezani, ukipime kwa dakika tatu. CRP-5 ya miaka kumi iliyotunzwa ni bora kuliko kipya cha kubahatisha. Ukiagiza kutoka nje, agiza kwa muuzaji anayepokea marejesho, na ukipime siku ile ile kinapofika, kabla hujaandika jina lako nyuma.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza "Kwa hiyo si mimi?" alikwenda kununua chake mwezi uliopita. Alibeba lenzi ya kukuzia ya mdogo wake wa shule ya msingi na penseli ya 2B. Duka la kwanza walikataa kufungua, akaondoka. La pili mama mwenye duka alimwambia, "Fungua mwanangu, hata mimi nataka kuona unachokitafuta." Walifungua vinne juu ya kaunta, wakiwa wameinamia lenzi wote wawili. Alinunua cha nne. Mama akaviweka pembeni viwili vilivyokuwa na kasoro, akachukua karatasi na kuandika namba ya mtu aliyemletea mzigo.